Mcheza Kwao Hutuzwa: Namna ya Kuwaenzi Wafanyabiashara na Viongozi wa Jamii katika Mji Mdogo

Neno tuzo limetokana na kitenzi kutuza, na kitenzi hicho kina picha yake: mchezaji yuko katikati ya uwanja, watu wamemzunguka, na aliyeridhika na mchezo wake hutoka katika duara, akamwendea, akampa kitu mbele ya wote. Anayetuza ameiona ngoma kwa macho yake, na wanaomtazama akituza nao wameiona. Ndiyo maana wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutuzwa. Mji mdogo unapoamua kuwaenzi wafanyabiashara na viongozi wake, unarudi kwenye uwanja huo huo, ambako karibu kila aliyeketi ukumbini anajua nani amecheza, nani alikuwa akipiga makofi tu, na nani alifika ngoma ikiwa imekwisha.

Hali hiyo ni neema, lakini pia ni mtihani. Katika jiji kubwa, jina lisilostahili linaweza kusomwa jukwaani, likapigiwa makofi na kusahaulika. Katika mji mdogo, mfanyakazi aliyedhulumiwa mshahara na mwenye jina hilo ameketi safu ya tatu, na kesho yake asubuhi habari imeshazunguka mji mzima. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale waliokabidhiwa kazi ya kuandaa tuzo za aina hiyo, wawe ni chama cha wafanyabiashara, kikundi cha kujitolea au ofisi ya mji, na umetoa nafasi kubwa zaidi kwa mambo yanayofanyika wiki na miezi kabla ya hafla, kwa kuwa huko ndiko tuzo nyingi huharibikia.

Kabla ya majina

Kosa linaloonekana katika vikao vingi vya kwanza ni kuanza na majina. Mwenyekiti anafungua kikao, mjumbe mmoja anasema Bwana Fulani hawezi kukosa, mwingine anaongeza kuwa Mama Fulani akiachwa watu watalalamika, na baada ya dakika kumi orodha imejaa. Kinachobaki ni kutafuta vigezo vya kuivalisha orodha hiyo ipate kupendeza. Geuzeni utaratibu. Kikao cha kwanza kisitaje jina la mtu yeyote, bali kijibu swali moja tu, nalo ni tendo la aina gani ambalo mji huu unataka kulitambua hadharani, kisha jibu liandikwe kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa mahali ambapo watu wote wanaweza kulisoma kabla mapendekezo hayajaanza kupokewa.

Kwa upande wa wafanyabiashara, wingi wa mali usiwe kigezo, kwa sababu mwenye mali ameshalipwa na soko. Tuzo ya jamii inafaa kulipa kile ambacho soko halikukilipia: vijana waliojifunza kazi mkononi mwake na sasa wanajitegemea, mishahara iliyolipwa kwa wakati hata katika miezi ambayo biashara ililala, mizani isiyopunja, kodi isiyokwepwa, duka lililobaki wazi katika kipindi ambacho wengine wote walifunga na kuondoka. Mambo hayo yanaweza kuulizwa na kuthibitishwa. Kigezo kama vile “mfanyabiashara bora” bila maelezo zaidi hakithibitishiki, na kigezo kisichothibitishika huishia kumpendelea mwenye gari kubwa.

Kwa viongozi wa jamii, ugumu uko katika kutenganisha cheo na uongozi. Mtu anayelipwa mshahara ili maji yafike mitaani, na maji yakafika, ametimiza wajibu wake, naye anastahili shukrani ya kawaida ambayo kila mfanyakazi mwema anastahili. Tuzo itafute kilichozidi hapo. Maswali mawili husaidia sana. La kwanza: je, angelifanya jambo hilo hata kama asingekuwa na cheo? La pili, ambalo watu hulisahau: je, akihama mji huu mwezi ujao, kazi aliyoianzisha itaendelea? Kiongozi aliyewalea wengine wa kumrithi ana sifa ambayo yule anayeshika kila ufunguo mwenyewe hana, hata kama wa pili ndiye anayeonekana zaidi.

Tuzo ziwe chache. Katika mji mdogo, tatu hadi tano kwa mwaka zinatosha, na kanuni zenu ziseme wazi kwamba kundi lisilo na anayestahili halitatolewa tuzo mwaka huo. Hili huwatisha wengi, hasa pale wadhamini wanapokuwa wameshachangia, lakini lina mfano mkubwa mbele yetu: Tuzo ya Mo Ibrahim ya uongozi barani Afrika, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2007 kwa Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, haikupata mshindi mwaka 2009 wala 2010, na ikakosa tena mshindi mwaka 2012 na 2013. Waliokuja kuipata baada ya hapo hawakuipata kwa kujaza nafasi.

Kamati na fedha

Kamati iwe na wajumbe watano au saba, yaani idadi ya witiri ili kura zisigongane, na isiwe ya watu wa rika moja au kazi moja. Mwalimu mstaafu, mfanyabiashara asiyegombea, kijana aliyeajiriwa, mtu wa huduma za afya na mzee anayekumbuka mambo ya miaka thelathini iliyopita wataona vitu tofauti katika jina lile lile moja, na tofauti hiyo ndiyo faida ya kuwaketisha pamoja. Wenye vyeo vya kuchaguliwa wasiwemo, na ratiba nzima iepuke msimu wa kampeni, kwa kuwa tuzo itakayotolewa wiki tatu kabla ya uchaguzi itasomwa kama kampeni hata iwe safi namna gani.

Mgongano wa maslahi hauwezi kuepukwa kabisa. Mkimwondoa kila mwenye undugu, urafiki, deni au biashara na mmoja wa wanaopendekezwa, mtabaki na viti vitupu. Kinachowezekana ni kuutangaza na kuushughulikia kwa uwazi: mjumbe aseme uhusiano wake kabla jina halijajadiliwa, kisha atoke nje ya chumba, na katibu aandike katika muhtasari saa aliyotoka na saa aliyorudi. Kukaa kimya ndani ya chumba hakutoshi, kwa maana wajumbe wenzake huyapima maneno yao wanapomwona dada wa mpendekezwa akipekua karatasi pembeni.

Wadhamini wanahitaji kanuni yao. Hafla ina gharama, na ni haki kabisa mwenye uwezo kuchangia ukumbi, viti au uchapaji. Hatari huja pale mchango unapokutana na orodha ya majina. Mdhamini wa mwaka huu, pamoja na mkurugenzi wake, asiweze kupendekezwa mwaka huu. Fedha zote ziahidiwe kabla ya majina ya washindi kujulikana, na orodha ya waliochangia itangazwe pamoja na kiasi chao. Si kwamba heshima na fedha haziwezi kukaa meza moja. Taasisi ya Rotary, yaani mfuko wa hisani wa klabu za Rotary, kwa mfano, humtambua kwa jina la Paul Harris, mwanasheria aliyeanzisha klabu ya kwanza ya Rotary huko Chicago mwaka 1905, mtu aliyechanga dola 1,000 au ambaye kiasi hicho kimechangwa kwa jina lake, na kila mtu anaelewa kuwa hiyo ni shukrani kwa mchango. Uharibifu huanza pale shukrani ya mchango inapovishwa joho la sifa ya utendaji na watu wakaambiwa ni kitu kimoja.

Jihadharini pia na barua zinazowafikia wafanyabiashara wadogo zikiwapongeza kwa kuteuliwa kuwania tuzo ambayo hawajawahi kuisikia, halafu aya ya mwisho ikawataka walipie meza, tangazo au kikombe chenyewe. Biashara ya kuuza tuzo ipo katika nchi nyingi, na mji wenu utakapoanzisha tuzo ya kweli, waandikieni watu mapema kwamba mpendekezwa hatatakiwa kulipa chochote, ili tofauti ieleweke.

Kupokea mapendekezo na kuyahakiki

Fomu iwe ya ukurasa mmoja. Maswali matatu yanatosha: mtu huyu amefanya nini hasa, nani mwingine aliyeona tendo hilo na anaweza kulisimulia, na mpendekezaji ana uhusiano gani naye. Swali la kwanza liandikwe kwa namna inayokataa sifa za jumla, badala ya “eleza mchango wake,” ulizeni “taja jambo moja alilolifanya, lini, na nani alinufaika.” Utashangaa jinsi swali la pili linavyopunguza mapendekezo ya kujipendekeza.

Toeni wiki sita au nane, na msitegemee maandishi peke yake. Watu wanaojua zaidi kuhusu matendo mema ya mji mara nyingi ni wale wasiojaza fomu: mlinzi wa usiku, mama anayeuza karibu na kituo cha mabasi, mzee anayechota maji kisimani. Mjumbe mmoja apewe kazi ya kuwazungukia, kuwasikiliza na kuwaandikia maneno yao kama walivyoyasema, kisha kuwasomea ili wathibitishe. Mapendekezo yaliyopatikana kwa njia hiyo yapewe uzito ule ule wa yaliyoletwa kwa maandishi mazuri.

Idadi ya fomu isigeuzwe kuwa kura. Mwenye wafanyakazi arobaini anaweza kuwaagiza wote wajaze, ilhali mkunga mstaafu anayeishi peke yake akaletewa fomu moja tu, tena yenye makosa ya tahajia. Fomu moja yenye ushahidi inazishinda fomu arobaini zinazofanana neno kwa neno, na kamati iwe na ujasiri wa kusema hivyo mapema. Mapendekezo ya mtu kujitaja mwenyewe yasipokewe. Tuzo ya Nobel nayo ina kanuni hiyo, na huongeza nyingine inayofaa kuigwa kwa kiasi, kwamba majina ya waliopendekezwa hufichwa kwa miaka 50. Mji mdogo hauhitaji miaka hamsini, lakini unahitaji usiri, kwa kuwa aliyetajwa hadharani kisha akakosa ataulizwa sokoni kila siku kwa nini hakupata.

Baada ya kupunguza orodha, nendeni mkaone. Wajumbe wawili, kamwe asiende mmoja, wamtembelee kila mpendekezwa aliyebaki bila kumwahidi kitu, na wazungumze na watu ambao hawakutajwa katika fomu. Kwa mfanyabiashara, watu hao ni mfanyakazi wa ngazi ya chini kabisa, mtu aliyeacha kazi kwake, na mshindani wake wa karibu. Mshindani ni shahidi mzuri kuliko anavyodhaniwa: hana sababu ya kumsifu, kwa hiyo akimsifu, sifa hiyo ina uzito, akimlaumu, lawama yake ipimwe kwa tahadhari na itafutiwe ushahidi mwingine. Ulizeni pia kama kuna madai ya mishahara, kesi au mgogoro wa ardhi, si kwa nia ya kumchafua mtu, bali kwa sababu mambo hayo yatatajwa na watu hata msipoyauliza ninyi, na ni bora kamati iwe ya kwanza kuyasikia kuliko kuwa ya mwisho.

Halafu mwombeni ridhaa. Wapo watu wanaokataa heshima kwa imani, kwa haya, au kwa sababu hawataki kuonekana wako upande wa waandaaji, na kukataa kwao si dharau. Jean-Paul Sartre, mwandishi na mwanafalsafa wa Ufaransa, alipochaguliwa kupewa Nobel ya Fasihi mwaka 1964 aliikataa. Alikuwa ameandika barua ya kuomba asipewe, nayo ikachelewa, jina lake likatangazwa hata hivyo. Kamati ya mji inaweza kuiepuka aibu hiyo kwa ziara ya nusu saa. Wajumbe wawili wanabisha hodi jioni, wanakaribishwa, na mmoja wao anasema kwa upole: “Mzee, wenzetu wamekupendekeza kwa kazi yako ya miaka hii yote, nasi tumeona inafaa. Tumekuja kukuuliza kama utaridhia tuliseme hilo mbele ya watu.” Akisema hapana, mnamshukuru na jambo linaishia hapo mlangoni.

Maelezo ya tuzo

Kama kuna sehemu moja ambayo kamati inapaswa kuitolea jasho, basi ni hii. Maelezo ya tuzo ni yale maneno machache yanayosomwa kabla ya mtu kusimama, na ndiyo yatakayobaki kwenye cheti, katika gazeti, na katika kumbukumbu ya wajukuu. Kwa kawaida huandikwa usiku wa kuamkia hafla, na husomeka hivi:

“Ametoa mchango mkubwa katika maendeleo ya mji wetu, ni mchapakazi, mpenda watu, na mfano wa kuigwa na vijana.”

Jaribu kuliondoa jina na kuweka la mtu mwingine yeyote. Sentensi hiyo inamtosha kila mtu, ndiyo maana haimvai yeyote. Sasa chukulia kwamba anayeenziwa ni fundi wa baiskeli, na kamati ilimtembelea, ikawasikiliza majirani na kuandika waliyoyasikia:

“Daraja lilipokatika na wanafunzi wakalazimika kuzunguka njia ndefu kwa baiskeli, aliifungua karakana yake saa kumi na moja alfajiri kila siku ya shule kwa miezi mitano. Asiyekuwa na fedha aliandikwa katika daftari, na daftari hilo hakuwahi kulidai. Vijana wanne waliojifunza ufundi kwake wana karakana zao leo, na mbili kati ya hizo ziko mtaa mmoja na ya kwake.”

Hakuna neno la sifa katika maelezo hayo, lakini kila anayeyasikia anajua amesikia sifa. Sentensi ya mwisho inafaa kutazamwa kwa makini: mtu aliyewafundisha washindani wake na kuwaacha wafungue mlango mkabala na wake ameonyesha jambo ambalo maneno kama ukarimu au moyo wa kujitolea yasingelifikisha. Andikeni kwa namna hiyo. Tafuteni tendo, muda, idadi inayoweza kuhesabiwa, na kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, kama lile daftari, acheni vivumishi. Maneno mia moja hadi mia na hamsini yanatosha. Kabla ya kuchapa, msomeeni mwenyewe, kwa sababu ni yeye atakayejua kama ilikuwa miezi mitano au mitatu, na kama kuna jambo ambalo asingependa litajwe mbele ya watoto wake.

Jina na ngao

Ngao, cheti, kikombe au nishani, yoyote kati ya hivyo inafaa, mradi kiwe kitu ambacho mtu anaweza kukiweka dukani au sebuleni bila kukionea haya. Ubao mnene wenye maandishi machache yaliyochongwa vizuri hudumu kuliko kioo kikubwa chenye nembo sita za wadhamini. Nembo hizo, kwa kweli, zina nafasi yake kwenye bango la ukumbini. Kwenye ngao kuwe na jina la mtu, tendo lake kwa mstari mmoja, mwaka, na jina la mji.

Jina ni jambo la kuuliza, tena kumuuliza mwenyewe. Nilipata kuwa katibu wa hafla ya namna hii, nikalichukua jina la mama mmoja kutoka kwenye fomu ya mpendekezaji, nikalipeleka kwa mchongaji bila kumwuliza mhusika. Fomu ilikuwa imemwandika kwa jina la marehemu mume wake, jina ambalo yeye hakuwahi kulitumia. Alipokabidhiwa ngao jukwaani aliisoma, akaigeuza ikatazama kifua chake, akaikumbatia hivyo hivyo mpaka mpiga picha akamaliza. Hakulalamika, siku ile wala baadaye, na picha zote za siku hiyo zinaonyesha mgongo wa ngao. Tangu hapo nimeshika utaratibu mmoja: mhusika huliandika jina lake kwa mkono wake kwenye karatasi, pamoja na cheo au lakabu anayotaka itumike, karatasi hiyo hiyo hupelekwa kwa mchongaji, na ngao hukaguliwa na watu wawili angalau siku tatu kabla ya hafla, wakati bado kuna nafasi ya kuirudisha.

Siku yenyewe

Yaliyobaki ni mepesi kuliko watu wanavyodhani, isipokuwa muda. Waenziwa watano wakipewa dakika sita kila mmoja, hiyo ni nusu saa. Mkiongeza risala ya waandaaji, maneno ya mgeni rasmi yasiyozidi dakika kumi, na burudani kidogo, hafla inakwisha ndani ya saa moja na nusu. Inapofika saa ya nne, mwizi wa muda karibu kila mara ni utambulisho. Maneno “itifaki imezingatiwa” yalibuniwa ili kuokoa wakati, lakini mara nyingi husikika baada ya msemaji kuwataja wageni kumi na tano mmoja mmoja. Mpeni mshereheshaji orodha fupi iliyoandikwa, na mwelewane kwamba hakuna jina litakaloongezwa kwa vikaratasi vinavyopenyezwa kutoka safu ya mbele.

Tuzo zitolewe katika nusu ya kwanza ya ratiba, wakati watu wangali na hamu na watoto hawajalala. Waenziwa waketi mbele pamoja na familia zao, kabla ya viongozi, na mtu mmoja awe amewapitisha mapema kwenye ngazi za jukwaa. Mwenye magoti mabovu akabidhiwe tuzo pale alipoketi, na mtoaji ndiye ashuke kumwendea, jambo ambalo lina heshima zaidi hata kwa wenye magoti mazima. Kipaza sauti kijaribiwe kwa sauti ya chini, kwa maana wengi wa watu hawa hawana mazoea ya kuhutubia. Asiyetaka kusema asilazimishwe.

Nani amkabidhi? Desturi ya hafla ni mgeni rasmi kuwakabidhi wote, naye huwa mtu wa mbali anayeyasoma majina kwa mara ya kwanza akiwa jukwaani. Mimi napendelea njia nyingine, nayo inatokana moja kwa moja na ile picha ya uwanjani: anayetuza awe ameiona ngoma. Fundi wa baiskeli akabidhiwe na mmoja wa wale wanafunzi waliozunguka njia ndefu alfajiri, ambaye sasa ni mtu mzima. Mkunga akabidhiwe na mama aliyejifungulia mikononi mwake. Mgeni rasmi asimame kando yao, ashikane mikono na wote wawili, na apigwe picha nao. Wageni rasmi wengi, wakielezwa mapema, huridhia kwa furaha, na wasioridhia wamewasaidia kujua kitu kuhusu orodha ya wageni wa mwakani.

Msichangishe fedha siku hiyo, hata kwa jambo jema. Mtu aliyetoka kupokea ngao akiwa amesimama mbele ya watu, kisha kapu likapitishwa, atajiona analazimika kulipia heshima yake.

Kuna deni moja la kulipwa kabla ya siku hiyo, na hili ni deni la kweli. Katika miji midogo, wafanyabiashara wanaoaminika ndio mara nyingi huuza kwa mkopo kwa shule, ofisi na vyama, na bili zao hukaa mezani miezi mingi. Kabla hamjamwita mtu jukwaani kumshukuru kwa uvumilivu wake, ulizeni kama taasisi zinazoandaa hafla zinadaiwa naye, na kama zinadaiwa, zilipe.

Waliofariki, na tuzo inayoaibika

Kuhusu waliofariki, kanuni zinatofautiana kulingana na kusudi. Tuzo ya Nobel, tangu mwaka 1974, haitolewi kwa marehemu isipokuwa aliyefariki baada ya kutangazwa. Hata hivyo mwaka 2011 mwanasayansi Ralph Steinman alitangazwa siku tatu baada ya kifo chake, kwa kuwa waamuzi hawakuwa na habari, na tuzo yake ikaachwa ilivyo. Kinyume chake, vibao vya buluu vinavyobandikwa kwenye nyumba za watu mashuhuri jijini London kwa kawaida husubiri miaka 20 baada ya mtu kufariki, ili jina lake lipimwe na wakati. Mji mdogo unaweza kuwa na njia zote mbili: tuzo ya kila mwaka ibaki kwa walio hai, na waliotangulia wakumbukwe kwa jina la barabara, chumba cha maktaba au kibao ukutani, baada ya kipindi mtakachokiandika katika kanuni na kwa ridhaa ya familia.

Andikeni pia, mwaka wa kwanza kabisa, namna tuzo inavyoweza kuondolewa. Uingereza ina kamati maalumu inayopitia majina ya watu waliotunukiwa heshima za taifa na baadaye wakaziaibisha. Kwenu zinatosha sentensi mbili: ni makosa gani yanayoweza kusababisha jina kufutwa, na ni wajumbe wangapi wanaopaswa kukubali. Kanuni hiyo ikiandikwa kabla ya tatizo, haimlengi mtu. Ikiandikwa baada ya tatizo, kila mtu anajua inamlenga nani.

Baada ya viti kurudishwa

Katika wiki moja baada ya hafla, waandikieni wapendekezaji wote barua fupi ya shukrani, hasa wale ambao watu wao hawakuchaguliwa, na mwaambie kwamba pendekezo lao litabaki hai kwa mwaka unaofuata bila kujaza fomu upya. Wapeni waenziwa picha zilizochapwa, kwani picha iliyobaki ndani ya simu ya mpiga picha ni kama haikupigwa. Wekeni orodha ya majina mahali pa wazi, kwenye ukuta wa jengo ambalo watu huingia kwa shughuli zao za kila siku.

Mwisho, katibu afunge faili. Ndani yake kuwe na vigezo, mihtasari ya vikao, maelezo kamili ya kila tuzo, mapato na matumizi yaliyosainiwa, picha zenye majina ya waliomo, na mapendekezo yaliyosalia. Pamoja na hayo aandike ukurasa mmoja wa makosa yaliyofanyika, angali anayakumbuka: kipaza sauti kilichokatika, jina lililotamkwa vibaya, mgeni aliyekaa nje kwa kukosa kiti. Ukurasa huo uwekwe juu ya karatasi nyingine zote, ili katibu ajaye aukute kabla ya kitu kingine chochote.